Kila Chama Kijibebe

Arusha, 19 Januari 2025

Baba Rosina mpenzi,

Nimefika salama na chumba nimepata, kina dirisha linalotazama Mlima Meru. Mlima wenyewe nimeuona mara moja tu, asubuhi ya kwanza. Tangu siku hiyo umejitanda mawingu kama mwali, nami kila nikiamka nautazama mahali pake nikiamini kwamba upo.

Tulikubaliana simu iwe ya homa na ada, barua iwe ya mengine yote. Basi haya ndiyo mengine yote.

Uliniuliza stendi, basi likiwa limeshawasha injini: "Hivi hasa unaenda kufanya nini?" Nikacheka tu. Leo nakujibu. Jumuiya yetu inaota sarafu moja. Siku itakapokuja, mtu atatoka Kigoma mpaka Kampala na noti ile ile mfukoni. Lakini sarafu ikiwa moja na kila nchi ikabaki na mfuko wake, itakuwaje nchi moja ikipigwa na ukame au mafuriko? Je, wenzake wanaweza kuchanga mfuko wa pamoja wa kuibeba? Na wakitaka kuchanga, ruhusa iko wapi? Je, imo tayari ndani ya mkataba waliotia sahihi, au ni lazima warudi kila mmoja bungeni kwake kuomba upya? Ofisi yetu ya mawakili imeombwa ushauri juu ya hilo, nami ndiye niliyekabidhiwa kalamu. Mkuu wangu, Bwana Victor, anataka niandike kwamba ruhusa imo.

Nikikosa maneno nafikiria ghala lenu la Izia. Chama chenu cha wakulima na chama cha wafugaji wa kwa baba, kule ukingoni mwa uwanda, mna ghala moja na stakabadhi moja. Mtu akiweka gunia anapewa karatasi, na karatasi hiyo inanunua sukari mpaka Chanji. Lakini akiba ya njaa kila chama kina yake, na makubaliano yenu yanasema: kila chama kijibebe. Si ndivyo? Nyinyi ni Jumuiya, ila mmetangulia.

Jana niliota nimelala nyumbani na ukungu umeingia kwa mlango wa nyuma, ukakaa kitandani upande wako. Sikuogopa. Niliusogezea blanketi.

Mbusu Rosina. Mwambie dada Hellena asimsuke akiwa na usingizi.

Wako,
Herieth

*

Izia, Sumbawanga, 9 Februari 2025

Mama Rosina,

Barua yako ililetwa na kijana wa ofisi ya mabasi, imekunjamana lakini harufu yako imo. Nimeisomea ghalani, nimekaa juu ya magunia, mlango wazi. Mvua mwaka huu ni ya kuombewa misa ya shukrani. Mahindi yamenipita kichwa. Ulezi umejaa mpaka ndege wamekosa adabu.

Ndivyo, umelieleza ghala letu vizuri kuliko mimi katibu wake. Stakabadhi zetu zinakwenda. Juzi nilimkuta mwenye duka pale Chanji anaipokea karatasi ya mfugaji bila hata kuitazama nyuma. Nikasimama barabarani kama mjinga, nimefurahi. Unakumbuka zamani walivyoambiana? Hawa wanasema wale wanalisha ng'ombe mazao yetu, wale wanasema hawa wanatuona wageni hata tukizikana hapa. Sasa karatasi moja inapita mikono yote na haiulizi kabila.

Baba mkwe alipita Jumatano, akanywa togwa, akamwangalia Rosina anavyoandika jina lake, akasema, "Huyu naye atakwenda Arusha." Kisha akatembea kurudi. Nilimwambia apande bodaboda, akasema bodaboda inampita uwanda haraka mno, haoni kitu.

Asubuhi za siku hizi ukungu ni mzito. Ng'ombe ukiwaona wanakuja unadhani ni mawe yameamua kuhama. Jana nilisimama kwenye kilima, nikaona vichwa vya miti tu, vinaelea, nami nikajihisi sina miguu. Nikawaza kwamba huenda hata wewe kule uliko umesimama ndani ya ukungu huu huu, mwisho wake wa pili.

Mumeo,
Zenon

*

Izia, 2 Machi 2025

Mama Rosina,

Sisi wazima. Rosina ameng'oka jino la mbele na anasema "thatha hivi" badala ya "sasa hivi". Tulipata mvua ya mawe wiki iliyopita. Huku kwetu ilipita pembeni, ikachana majani ya migomba ya dada Hellena, basi.

Nimekuwa nikiwaza kazi yako. Hebu niambie kama mwanasheria, si kama mke. Katika hizo nchi zako, mmoja akipigwa kweli, na makubaliano yanasema kila mtu ajibebe, na kuwaita wote kikaoni ni safari ndefu yenye maneno mengi, na wapo watakaokataa kwa kisirani tu, na watoto wa aliyepigwa wanasubiri: yule mwenye ufunguo afanye nini? Akae nao mfukoni? Au makubaliano yenyewe, ukiyasoma kwa moyo, yanamruhusu?

Nijibu kwa urefu. Napenda unavyoeleza.

Zenon

*

Arusha, 11 Machi 2025

Zenon wangu,

Umenifurahisha kuliko unavyojua! Wiki nzima nimekaa na swali hilo, kumbe nawe uko huko umelikalia juu ya magunia. Jibu hili nimekusomea kwa sauti humu chumbani kana kwamba umekaa kitini.

Sikiliza basi. Mkataba si ukuta, ni mti. Waliotia sahihi walipanda mbegu wakijua itatoa matawi ambayo hawajayaona. Kama lengo lao ni kuishi kama jamaa wa nyumba moja, basi lengo hilo ndilo mama wa mamlaka yote yatakayohitajika ili nyumba isianguke. Na kile kifungu cha kila mmoja ajibebe, kisome polepole. Kinasema hakuna atakayelazimishwa kumlipia mwenzake. Hakisemi hakuna atakayemsaidia. Kati ya kulazimishwa na kusaidia kuna bonde, na katika bonde hilo, mume wangu, kuna nafasi ya kupanda.

Ukisubiri mabunge yote yakutane, mgonjwa ameshazikwa na wabunge wanakuja matangani. Mwenye ufunguo afungue. Sheria itamfuata nyuma na kumkuta amefanya lililokuwa moyoni mwa sheria yenyewe tangu mwanzo.

Bwana Victor amesoma aya hizi (nimemwandikia hizo hizo) akagonga meza kwa furaha. Tarehe ishirini na nane Aprili tunawasilisha mbele ya wajumbe wa Jumuiya. Usiku nalala nikiona nchi zote zimekaa jikoni kwetu, zinakula ugali wa ulezi kwenye sahani moja, na hakuna anayehesabu matonge.

Nakupenda.
Herieth

*

Izia, 20 Machi 2025

Mama Rosina,

Umenituliza. Niliisoma barua yako mara nyingi mpaka nikajua mahali ulipobadilisha kalamu.

Kuna kazi moja nimeifanya, nitakueleza ukirudi. Niliifanya asubuhi, ukungu umeshuka mpaka milangoni, mikokoteni inakuja bila kuonekana, unasikia magurudumu tu na pumzi za maksai. Ilikuwa kama kitu kinachofanyika usingizini, kizuri, kisicho na uzito. Hata sauti za watu zilikuwa za chini, kama kanisani. Jua lilipotoka kila mtu alikuwa ameshakwenda, na mimi nilikuwa nimebaki peke yangu na nyayo kwenye tope.

Usiwe na wasiwasi. Rosina anasoma vizuri.

Zenon

*

Arusha, 6 Aprili 2025

Baba Rosina,

Nakupigia, hupokei. Dada Hellena anasema umetoka. Nikipiga tena anasema umelala. Mtu gani anatoka na kulala saa moja?

Nimempigia baba. Akasema wao wazima, mvua nzuri. Nikaomba kuongea na mama, mama akacheka. Wewe unamjua mama yangu, Rhoda hacheki kwenye simu, anasema vocha haikununuliwa kwa ajili ya kucheka. Juzi alicheka muda mrefu sana, mpaka nikasikia kicheko kimegeuka kitu kingine, halafu simu ikakatika.

Ni kazi gani uliyoifanya kwenye ukungu? Barua yako ilinifurahisha nilipoipokea. Sasa nikiirudia sijui kwa nini inanitisha.

Hapa mvua imeanza, na mlima sijauona tena. Waraka wangu umekamilika. Wameuchapa kwenye karatasi nene, una jalada la bluu. Nitausimamia mbele ya wajumbe kwa jina langu. Nilitaka ufurahi pamoja nami.

Niandikie hata mstari mmoja.

Herieth

*

Ukingoni, 10 Aprili 2025

Kwa binti yangu Herieth,

Ninaandika mwenyewe, kwa hiyo utavumilia mwandiko. Mama yako amekaa hapa pembeni ananihesabia maneno. Anasema nikiongopa hata moja ataninyang'anya kalamu.

Mwezi wa pili mwishoni mvua ya mawe ilitupiga sisi wa ukingoni. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Mahindi yaliyokuwa yanatoa mbelewele yalibaki vijiti. Akiba yetu ghalani ilikuwa ndogo, maana mwaka juzi tuliitumia kwenye mbegu. Ng'ombe tunao, lakini mnada umefungwa kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, na ng'ombe asiyeuzika ni mdomo mwingine wa kulisha. Tukaanza kula mara moja kwa siku.

Mumeo alikuja, akaona chungu. Mimi ndiye niliyemwambia asikuambie. Mtu aliyemsomesha mwanawe kwa ng'ombe hapendi mwana huyo ajue baba yake amelala na njaa. Na nilimwambia pia nisingesimama kwenye mkutano wao kuomba. Mimi ni mkwe wake. Mkwe haombi mbele za watu. Hayo mawili ni yangu, wala si ya Zenon.

Mumeo akakaa wiki mbili na zaidi. Kisha akaja akasema, "Baba, leteni mikokoteni." Akatufungulia akiba ya Izia, magunia arobaini. Hakumwuliza mtu.

Clemens unamjua, yule mjumbe wao wa usimamizi mwenye mguu mmoja mzito. Aligundua alipokwenda kupiga dawa ya wadudu. Akaitisha mkutano ukumbini parokiani. Zenon akasimama akawasomea barua yako. Akasema, "Mke wangu ni mwanasheria wa Jumuiya, anasema mwenye ufunguo afungue." Mtu mmoja akapiga kelele, "Huyo mwanasheria si ndiye binti wa waliokula?" Watu wakacheka, mwanangu. Clemens hakucheka. Aliripoti kituoni kama makubaliano yanavyomtaka. Mumeo alikaa huko siku mbili. Clemens ndiye aliyempeleka na Clemens ndiye aliyempelekea uji, asubuhi na jioni. Siku ya tatu alikwenda kuomba wamwachie, jambo lirudi mkutanoni.

Sasa yuko nyumbani. Haongei. Anapasua kuni zisizohitajika.

Mama yako anasema nimesema kweli.

Baba yako,
Obed

*

Arusha, 18 Aprili 2025, Ijumaa Kuu

Zenon,

Nilianza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, sitakudanganya. Ulinificha njaa ya wazazi wangu ndani ya swali la kisheria! Ulinitaka nijibu kama mwanasheria, si kama mke, nami nikajibu kwa kushangilia, huku mama yangu anachemsha maji matupu. Ungeniambia ningeuza hata kitanda hiki.

Ya pili nililia. Ya tatu nilikutetea. Hii ya nne ninaandika kwa sababu nimeielewa barua yangu mwenyewe.

Nilidhani unaniuliza habari za nchi. Nilikujibu kama mtu anayeongea na ramani, ambayo ukiigusa haisemi "aa". Nilikuambia kifungu kinakataza kulazimishwa, hakikatazi kusaidia. Hilo ni kweli mpaka leo. Lakini sikujiuliza anayesaidia ni nani. Mwenye ufunguo? Ufunguo ni wako, magunia si yako. Uliwasaidia watu wangu kwa mkono wa watu wako, na watu wako walikuwa wamelala. Huko ndiko kulazimishwa kwenyewe, Zenon, ila kumevaa nguo ya misa. Na mshonaji wa nguo hiyo ni mimi.

Jumatatu nilimwendea Bwana Victor na waraka wenye jalada la bluu. Nikamwambia, "Naomba kuuandika upya. Mfuko wa pamoja ni jambo jema, lakini mkataba haukuwapa mawaziri idhini ya kuuanzisha peke yao. Ni lazima mabunge yaulizwe."

Akavua miwani. "Herieth, unajua itachukua miaka mingapi?"

"Najua."

"Na wakikataa?"

"Basi watakuwa wamekataa wao wenyewe."

"Tulikuajiri utujengee daraja," akasema, wala si kwa ukali. "Wewe unaniletea mto."

Nikamjibu, "Mto ulikuwepo, Bwana Victor. Mimi sikuuchimba. Nilichokuwa nimefanya ni kuchora daraja juu ya karatasi na kuwaambia watu wapite."

Hakunifukuza. Amesema atawasilisha waraka ule wa kwanza kwa jina lake, na wangu mpya utawekwa nyuma kabisa kama maoni tofauti, na mkataba wangu wa kazi ukiisha mwezi wa tano hatauongeza. Nikamshukuru. Nilitoka nje nikatembea kwenye mvua mpaka nikasahau kama naenda au narudi. Watu wote walionekana kama wamechorwa kwa maji.

Nimekukasirikia. Na kama ningekuwa mimi mwenye ufunguo, nikaona chungu kile, sijui. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sijui.

Wanasema umeacha kuongea. Basi usiongee. Niandikie.

Herieth

*

Izia, 4 Mei 2025

Mama Rosina,

Jana mkutano ulirudi. Nakuandikia kabla sijasahau sauti za watu.

Walikuja wote, na wa ukingoni wakaalikwa. Wakakaa upande wa kushoto, sisi kulia, katikati njia tupu kama ya bibi harusi. Nikatangulia mimi. Nikauweka ufunguo mezani, nikasema, "Nilifungua bila kuwauliza. Niliogopa mngekataa. Mzee Obed ni baba mkwe wangu, na hilo nalo sikuwaambia lilivyonisukuma." Barua yako sikuitaja. Niliwahi kujificha nyuma ya sketi yako, inatosha.

Baba mkwe akasimama. Kofia mkononi. Akasema, "Karantini ikiisha tunaleta madume manne. Tutalipa kila punje. Mwacheni kijana."

Clemens akainuka na ule mguu wake. Akasema, "Mzee Obed, kaa, tafadhali. Hakuna anayelilia mahindi hapa. Ungenijia mwezi wa tatu ningekupa mpaka ya shambani kwangu, na hawa wangenifuata. Lakini Zenon alifungua ghala kama mtu anayeota peke yake, sisi tukaamka tumeshatoa. Sadaka niliyotolewa nikiwa nimelala, thawabu yake inakwenda kwa nani? Mimi nimenyang'anywa mahindi na thawabu."

Watu wakacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha watu wanaoelewa. Mzee Obed naye akacheka, Herieth. Nilimwona. Kisha akasema kitu ambacho sikutegemea: "Na mimi nilinyang'anywa. Nilitaka kuja kuomba kama mtu, nikaona aibu, nikapewa kama mwizi. Tulipakia tukinong'ona. Wajukuu wangu wamekula chakula cha kunong'onwa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya asubuhi ile nzuri isiyo na uzito.

Mama mmoja wa Izia, Cornelia, yule muuza ulezi, akauliza kutoka nyuma, "Basi leo tuulizeni. Si tuko hapa?"

Tukaulizana mpaka jua likaingia madirisha ya magharibi. Wapo waliosema wafugaji wauze ng'ombe kwanza. Wakajibiwa juu ya karantini. Wapo waliosema mwaka ujao mawe yakitupiga sisi, hawa watatubeba? Kijana mmoja wa ukingoni akasema, "Tuandikieni hilo ndani, tutatia dole gumba." Mwishowe Clemens akaomba mikono. Ilipanda polepole, hapa mmoja, pale mmoja, kama taa za mji zinavyowaka ukiwa mbali. Si yote. Ndugu yangu Romani hakunyoosha wake. Alinitazama usoni akaiweka mikono magotini. Ni haki yake, na leo asubuhi tulisalimiana.

Imeamuliwa hivi. Magunia arobaini ni mkopo, yatarudi baada ya mavuno mawili, madume hayatakiwi. Kuanzia mavuno haya kila chama kitoe gunia moja katika kila kumi, liwe akiba ya wote, kwa ajili ya yeyote atakayepigwa. Makufuli mawili, ufunguo mmoja Izia, mmoja ukingoni. Mimi si katibu tena. Waliomba nibaki mjumbe wa kawaida, nikakubali kabla hawajamaliza sentensi.

Leo nililima na baba mkwe kwenye shamba lile lililopigwa, tunaandaa matuta ya maharage. Ukungu ulikuja adhuhuri, ukakaa kidogo, ukatuacha mahali pale pale, watu wawili na maksai.

Clemens anaandika rasimu ya makubaliano mapya. Amenipa nakala nikutumie. Amesema, "Mwambie mkeo asiipambe. Atuambie tu kama kuna mahali hatukuulizana."

Nisamehe. Nimeandika neno hilo nikalitazama muda mrefu. Nisamehe.

Zenon

*

Arusha, 20 Mei 2025

Mzee Clemens, shikamoo.

Pole na kazi, na mguu. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza, na kwa sababu nina deni la heshima kwako. Uliisikia barua yangu ikisomwa ukumbini wakati mimi mwenyewe sikujua inasomwa wapi. Maneno yale yalikuwa mazuri, wala hayakuwa na ruhusa ya mtu. Ahsante kwa uji.

Wajumbe wa Jumuiya wamesikiliza waraka wa mkuu wangu, wakaupigia makofi. Mmoja tu, mama mtu mzima, alifunua mpaka nyuma akakuta maoni yangu, akauliza kwa nini yamewekwa huko. Hawakumjibu. Wameahirisha mpaka kikao kingine. Sijui itakuwaje. Huenda mabunge yataulizwa Rosina akiwa na wajukuu, au yasiulizwe kabisa na mfuko ukaanzishwa, ukasaidia watu, na siku moja mtu akagundua kama ulivyogundua wewe. Laiti wajumbe hao wangekuwa wamekaa ukumbini kwenu siku ile. Mimi pia.

Rasimu nimeisoma mara tatu na sikuipamba. Mahali ambapo hamkuulizana ni pamoja tu. Mmeandika akiba itafunguliwa vyama vyote viwili vikikutana na kukubaliana. Vizuri. Lakini hamkuandika mtakutana lini. Zenon alifungua peke yake kwa sababu aliona kuulizana ni kurefu kuliko njaa, na hapo hakukosea. Andikeni kwamba chama kikisema "tumepigwa", mkutano uitwe kabla ya Jumapili ya pili, na asiyekuja asilalamike. Kuulizana kusiwe kisingizio cha kumwacha mtu afe kwa utaratibu.

Mkataba wangu wa kazi unaisha mwezi huu. Narudi. Nasikia mtatia sahihi Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, na ningependa kuwepo. Ila nina swali, na naomba lisikuchekeshe. Upande wa kushoto watakaa watu wa baba yangu, upande wa kulia watu wa mume wangu. Sitaki kuketi kwa kujiamulia, halafu mtu aseme mwanasheria amejitafutia kiti. Nauliza kabla: nikae wapi?

Wako kwa heshima,
Herieth binti Obed, Mama Rosina

*

Izia, 28 Mei 2025

Mama Rosina,

Marahaba. Ile Jumapili ya pili tumeiingiza. Watu wa ukingoni wameafiki, Izia imeafiki, Romani amelalamika kisha ameafiki.

Habari ya pa kukaa hatukuiandika popote, wala hatutaiandika. Kaa utakapopata nafasi. Ila wahi, maana watu watakuwa wengi na mabenchi hayatoshi.

Clemens